Mwaka Tulipowasindikiza Wageni wa Mashine

Mimi ni mfutaji. Waulizeni wanangu. Simu mpya ikiingia nyumbani leo, kesho asubuhi nishaipunguza nusu ya vitu ilivyokuja navyo, na jirani akiniletea kompyuta yake ati imekuwa nzito, swali langu la kwanza huwa moja: "Hivi vyote unavitumia?" Hujibu la, havitumii, lakini huenda siku moja akavihitaji. Hapo mikono huniwasha. Sina huruma kabisa. Lakini kuna kitu kimoja kidogo, cha sekunde chache tu, ambacho nimekibeba kutoka mashine hii hadi ile kwa zaidi ya miaka ishirini bila kukitumia kwa lolote, na mwezi uliopita, kwenye hitma ya Bwana Kombo, mwajiri wangu wa zamani, pale Shimoni, nilijua nilikuwa nimembebea nani. Ndiyo maana nimekaa kuandika habari za mwaka ule. Nani alinizaa na nani alinilea nitayasema mahali pengine. Hapa niacheni niingie moja kwa moja afisini, kwa sababu hata sasa nikiukumbuka ule mlango roho yanirukaruka.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nina miaka kumi na tisa na cheti cha kupiga taipu nilichokipatia Ukunda. Afisi ilikuwa chumba kimoja cha mawe kilichopakwa chokaa, hatua chache kutoka gatini, na Bwana Kombo alikuwa na mashua mbili za kuwapeleka watalii kuogelea na kula kaa upande wa Wasini. Meza mbili, benchi la mbao ukutani, feni isiyozunguka mpaka uisukume kwa kijiti, na harufu ya dizeli iliyochanganyika na kahawa. Meza ya dirishani ilikuwa yangu. Kabla yangu ilikuwa ya Rukia, binti yake Bwana Kombo, ambaye alikuwa ameolewa na kwenda Maskati. Sikuwahi kumwona, lakini kiti kilikuwa bado na mto alioushona kwa mkono wake, na mimi niliukalia kwa haya. Babake hakumtaja kamwe. Meza ya pili ilikuwa ya Nduku, msichana wa Makueni aliyekuja kutafuta kazi ya hoteli Diani, akaikosa, akaangukia kwetu. Mrefu, mwimbaji wa kwaya, kicheko chake kikitikisa vikombe. Tulipanga chumba kimoja nyuma ya msikiti, na kila asubuhi kabla ya saa moja tulikuwa njiani, mahamri kwenye karatasi na mbaazi kwenye kibakuli, tukitaniana njia nzima. "Manze Siti, nyinyi watu wa pwani mnasalimiana mpaka chai inapoa," alikuwa akisema. Nami namjibu, "Na nyinyi wa bara chai mwaimaliza hata hamjaulizana mumeamkaje."

Na mashine yenyewe, jamani! Mjerumani mmoja aliyezoea kuja kila mwaka ndiye aliyemwachia Bwana Kombo ile laptop, nyeusi, nene, nzito kama jiwe la kusagia. Ingeachwa hivyo ilivyokuja, pengine tungesalimika. Lakini habari zilienea kwamba afisi ya Shimoni ina mashine, na kila mgeni aliyetaka kushukuru akaja na disketi yake. Huyu aliingiza atlasi ya dunia, yule kamusi ya Kifaransa. Mwingine aliingiza paka wa kutembea juu ya barua unayoiandika, mwingine saa ya kengele iliyolia kwa majira ya kwao, na mama mmoja wa Kiswisi akatuwekea samaki wa kuogelea kwenye kioo, sisi ambao tukigeuza shingo tu twawaona wa kweli. Kila kimoja kilipewa ruhusa ya kuamka pamoja na mashine. Basi ukibonyeza swichi asubuhi waliamka wote na kugombania mlango: paka alilia, kengele ikagonga, mwanamume akasema jambo kwa Kijerumani, mawimbi yakavuma, na katikati ya zogo hilo sauti hafifu ya mwanamke ikasema, "Karibuni Shimoni, karibuni kwetu," huku nyuma yake kukisikika mkwaruzo kama wa mtu anayeburura kiti. Nduku alipima kwa saa yake. Dakika kumi na saba kabla ya kuandika herufi ya kwanza! Na muda wote huo Bwana Kombo alikaa benchini na kikombe chake cha kahawa tungu mpaka makelele yaishe, ndipo anywe funda la mwisho aende gatini. Tulidhani anatusimamia kazi.

"Ami," nilimwambia siku moja kwa adabu zangu zote, "hatuwezi kuvipunguza vitu hivi?"

"Mwanangu, zawadi ya mgeni haitupwi," akanijibu. "Mwaka ujao akija akauliza, tumjibu nini?"

Na kweli walikuwa wakiuliza. Yule wa paka alirudi mwaka ule ule, akainama mezani kwangu kumtazama paka wake, akafurahi kama aliyemkuta mtoto aliyemwacha.

Sasa, tabu yetu ilikuwa orodha. Mashua haikuruhusiwa kung'oa nanga mpaka orodha ya majina ya abiria ipigwe muhuri gatini, na karani wa pale alikuwa amekataa orodha za mkono tangu siku aliyoshindwa kusoma majina ya Wajerumani kumi na wanane. Majina yenyewe hoteli ilituletea kwa simu asubuhi ile ile, kwa hiyo huwezi kuyaandika jana yake. Taipureta ya zamani? Bwana Kombo aliigawia madrasa siku ile ile alipopata laptop. Ndiyo tabia yake. Basi wageni walisimama juani wakingoja paka alie na kengele igonge. Jumatatu moja nilikuwa nimeinama kuokota karatasi chini ya dirisha, nikamsikia nje wakala wa hoteli moja ya Diani, ile iliyotuletea watu wengi kuliko zote.

"Mzee Kombo, mimi nakuheshimu sana," alisema. "Lakini Jumamosi nikija nikakuta watu wangu bado wamesimama juani, nitawahamishia mashua nyingine."

"Karatasi itatoka," akasema Bwana Kombo.

"Kutoka yatoka, Mzee. Haiwahi."

Nilibaki nimeinama vile vile, mgongo ukiniuma. Wageni wa hoteli ile wakiondoka hakuna afisi. Mabaharia, mpishi na sisi wawili wote tungetawanyika, na mimi niliyeajiriwa mwisho ningekuwa wa kwanza kurudi nyumbani. Nami kazi ile naliipenda, wallahi! Nilipenda kujibu simu, nilipenda kuandika majina magumu yasiyo na irabu, nilipenda hata ile feni. Nilipomweleza Nduku, hakungoja nimalize. Alitoka mbio mpaka gatini na kumsimamisha Bwana Kombo mbele ya mabaharia.

"Mzee, si nyinyi ndio mna ile methali? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa wa kwa mashini wamekaa zaidi ya mwaka na hakuna ameshika jembe!"

Mabaharia walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Bwana Kombo naye akacheka, mara ya kwanza kumwona, kisha kicheko kikamwisha akawa anatazama dirisha la afisi. "Haya," akasema. "Fanyeni mnavyoona. Lakini kwa adabu."

Adabu tuliisahau papo hapo. Jumanne mchana tulifungua mashine, tukayaona makabati, yaani folda, ya zile programu yamepangwa, tukachagua matano makubwa na kuyafuta yalivyo, futa, futa, futa, tukapongezana. Jumatano asubuhi tukabonyeza swichi. Lo! Kila mgeni aliamka akakuta kitanda chake hakipo, na kila mmoja akatutolea kisanduku cha malalamiko kwa lugha ya kwao. Ukikifunga hiki, chatokea kingine. Kijerumani, Kiitaliano, Kifaransa, mara Kijerumani tena. Dakika ishirini na tatu! Dereva wa gari la wageni alipiga honi mpaka akachoka, na Nduku, ambaye sijawahi kumwona akiogopa kitu, alishika kichwa akasema, "Siti, tumeua."

Alikwenda kwenye kibanda cha simu kumpigia fundi mmoja wa Diani aliyekuwa akitengeneza mitambo ya hoteli, kijana ambaye Nduku alimtaja mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alirudi akikimbia, maneno ameyaandika kwa kalamu mkononi, kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. "Siti! Tuliwatupa kwa dirisha, ndio maana wanalia kwa mlango! Amesema kila programu ina njia yake ya kutoka. Kuna mahali mashini imeandika wote walioingia. Unaenda hapo, unaichagua moja, unaiambia itoke, inatoka yenyewe na mizigo yake yote. Halafu kuna orodha ingine ya wale wanaamka nayo asubuhi. Hiyo pia tuisafishe."

Nilimwelewa kabla hajamaliza. Kwetu mgeni hafukuzwi wala haachwi ajiondokee. Akiaga, wainuka ukamsindikiza, umbebee hata kifurushi kimoja, mfike pale njia inapokata, ndipo umpe mkono. Tulikuwa tumewatupa watu nje na mashuka yao yamebaki ndani. Hiyo ndiyo adabu aliyoisema Bwana Kombo, na sisi tukaipita.

Ijumaa baada ya alasiri tulijifungia. Nilinunua viazi vya karai na ukwaju wake, Nduku akachemsha chai ya maziwa ya kwao, nzito, nikainywa bila kunung'unika. Kwanza tuliwarudisha wale watano waliotupwa, kwa disketi zao walizotuachia, ili wapate kutoka vizuri. Hilo peke yake lilitula saa nzima. Kisha mmoja mmoja. Mashine iliuliza kama kweli twataka aende. Ndiyo. Ikaanza kukwaruza, mstari wa buluu ukijaa taratibu, na Nduku akasimama katikati ya chumba akipunga leso na kuaga kwa Kijerumani chake alichookota ufukweni. Atlasi ikaenda. Tukazima, tukawasha, tukatazama saa: dakika kumi na nne! Kamusi ikaenda, na saa ya kengele nayo: kumi! Samaki wa Kiswisi: saba! Kila mara tulipiga kelele, kila mara zaidi, mpaka mpishi akaja kuchungulia dirishani akiuliza nani amejifungua. Paka alipoondoka nilimwonea imani kidogo, sikatai. "Nne!" Nduku alipiga meza, viazi vikaruka. "Siti, nne!"  Mpaka siku ile nilidhani mashine huja na kasi yake kama mtu anavyokuja na urefu wake, huna la kufanya. Kumbe mimi, kwa vidole hivi vyenye ukwaju, naweza kuifanya iwe nyepesi! Sijui kama nimewahi kufurahi vile tena, na nimeolewa, na nimezaa.

Tulimalizia na ile orodha ya wanaoamka pamoja na mashine. Kulikuwa na vitu vichache vimebaki, kimoja kina jina la Kiitaliano tusilolielewa. Nilipokifungua, kikasema kwa ile sauti hafifu, "Karibuni Shimoni, karibuni kwetu."

"Hata huyu mama anatuchelewesha," akasema Nduku.

"Na sisi twakaribisha kwa vinywa vyetu," nikasema. Nilikifuta kwa mkono wangu mwenyewe.

Lakini vitu tulivyovifuta hivi, kimoja kimoja kwa mkono, havikuwa vimetoka nyumbani. Vilikaa kwenye pipa la taka la mashine, kona ya chini ya kioo, na yule fundi alisema pipa nalo limwagwe ili nafasi ipatikane. Nduku alikuwa ameshafika kwenye swali la mwisho, kidole juu, na hapo hapo muadhini akaadhini magharibi.

"Ngoja!" nikamshika mkono. "Taka hazitolewi nje jua likishatua."

"Wee! Hii ni kompyuta!"

"Taka ni taka, Nduku. Ukimwaga saa hizi wamwaga na riziki ya afisi. Na kesho ndiyo Jumamosi."

Alinitazama kama mtu aliyegundua kuwa anaishi na kichaa. Alicheka mpaka machozi, akanitania njia nzima, akamweleza muuza mkate, akamweleza mama mwenye nyumba, ambaye alinishangaza kwa kusema, "Kwani huyu amekosa nini?" Lakini pipa aliliacha. "Basi kesho jua likitoka," akasema, "namwaga mimi, na usinishike mkono."

Jumamosi niliamka kabla ya alfajiri. Simu ya hoteli iliingia, nikaandika majina kumi na sita kwenye kijitabu, nikasema bismillahi, nikabonyeza swichi. Kimya. Hakuna paka, hakuna kengele, hakuna mawimbi. Kioo kikawaka, kikatulia, kikaningoja mimi. Dakika moja na nusu! Nduku alipiga kigelegele cha Kikamba ambacho sidhani Shimoni ilikuwa imekisikia kabla. Nikachapa, karatasi ikatoka, mimi nikakimbia nayo bila viatu, muhuri ukapigwa, na wakala alipowasili akakuta wageni wake wanavaa majaketi ya kuogelea ndani ya mashua, akaitikisa saa yake na kuiweka sikioni. Nilirudi afisini nikilia na kucheka, Nduku akanibeba juu juu.

Ndipo nikamwona Bwana Kombo. Alikuwa benchini, kikombe mkononi, kahawa imejaa vile vile.

"Ami, umeona?"

"Nimeona, wanangu. Hongereni. Mwenyezi Mungu awalipe." Lakini hakuinuka. Alikuwa anatazama mto wa kiti changu. "Mbona leo hakukaribisha?"

"Nani, Ami?"

"Rukia."

Nikaigeukia mashine. Zile asubuhi zote, zile dakika kumi na saba! Hakuwa akitusimamia. Alikuwa akivumilia paka na kengele na Mjerumani, kila siku, akingoja maneno manne ya binti yake. Mgeni mmoja wa Kiitaliano alikuwa ameinasa sauti yake wiki moja kabla ya harusi, akaiweka humo iwe zawadi. Sisi tukaifuta.

"Nduku," nikasema. "Umemwaga?"

Nduku alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Nje jua limeshachomoza zamani. "Bado," akasema. "Nilikuwa nangoja tu tumalize karatasi. Nilikuwa naenda kumwaga sasa hivi."

Nililifungua lile pipa. Alikuwemo, wa tatu kutoka juu. Nikamrudisha mahali pake na kubonyeza. "Karibuni Shimoni, karibuni kwetu." Bwana Kombo alifumba macho. "Tena," akasema. Nikarudia. Kisha akainywa kahawa yake yote, baridi, kwa mara moja, akaweka kofia sawa na kwenda gatini. Nduku aliketi kwa kishindo. "Hizo taka zenu za usiku," akasema, "sitacheka tena."

Hoteli ilibaki, kazi zikabaki. Rukia alibaki peke yake kwenye orodha ya wanaoamka, na sasa alisema maneno yake mara tu kioo kilipowaka. Jumatatu iliyofuata Bwana Kombo alikuwa hajaketi vizuri. "Siku hizi anawahi," akasema, akabaki benchini na kikombe kizima mbele yake, hajui la kufanya na wakati uliobaki. Nilitamani ile asubuhi kumrudishia hata paka. Badala yake nilinunua disketi na kuinakili ile sauti, nisije nikamtia hofu tena, na mashine ile ilipokufa nikaihamisha, na iliyofuata ilipokufa nikaihamisha tena, mpaka ikafika kwenye simu yangu.

Kwenye hitma tulikaa chumba cha ndani na wanawake, mimi na Nduku, ambaye aliolewa na yule fundi na ni mama wa Ukunda sasa, mtandio kichwani kwa heshima ya wenyeji. Sinia la biriani lilikuwa linazunguka. Rukia, aliyekuja kutoka Maskati, alikuwa anamwambia shangazi yake kwa sauti ya chini, "Baba hakunisamehe kuondoka. Kila nikipiga simu, salamu mbili tatu, kisha ampe mama simu." Nduku alinifinya paja. Nikasogea. "Dada Rukia, mimi ndiye niliyeukalia mto wako," nikamwambia, na nikamweleza yote, paka mpaka pipa. Alinisikiliza kwa adabu, akitikisa kichwa kama mfiwa anayeambiwa mambo mazuri ya kumfariji. Hakuamini. Basi nikatoa simu, nikamwekea sikioni.

Aliisikia sauti yake mwenyewe, bado msichana, akatabasamu. Kisha akashtuka. "Rudisha. Huyu nyuma yangu ni nani?"

"Si mtu, dada. Ni kiti kinaburutwa."

"Si kiti. Sikiliza."

Miaka yote ile nilikuwa nimeisikia kwenye vipaza sauti vibovu, na baadaye sikuisikiliza tena, nilihamisha tu. Sasa niliibana sikioni. Chini ya maneno yake, taratibu, alikuwa anasema Bwana Kombo: "Polepole, mwanangu. Usifanye haraka. Mashua haiondoki bila wewe."

Rukia alilia kwa sauti, na wanawake wote wakageuka. Nilipotaka kumtumia, simu yake ikakataa, ikasema imejaa, haina nafasi hata ya kitu kidogo vile. Nikaichukua. Ilikuwa na programu kurasa tano. "Hivi vyote unavitumia?" nikamwuliza.

"Futa, dada," akasema, akicheka na kulia pamoja. "Futa vyote."